Mashini ya Kumwonyesha Baba Ng'ambo ya Mto

Msomaji mpenzi, bila shaka umekwisha kuona droni. Katika ndoa za siku hizi kuna kijana anayesimama pembeni na telekomandi, na kile kintu kinalia juu ya vichwa kama nyuki, na bamama banainua macho mpaka chakula kinapoa. Sitaki kukuongelea ile. Nataka kukuongelea ile ingine, ambayo mtu anajifunga miwani ya skrini usoni na kuona kama vile yeye mwenyewe ameketi ndani ya mashini. Wenye kuijua wanaiita FPV. Nilitengeneza moja kubwa, ya kwenda mbali pole pole, na kwa muda wa karibu miaka miwili majirani walifikiri nimepata kichaa.

Sababu yake ni Baba.

Baba alizaliwa mwaka 1942 katika mugini mmoja ng'ambo ya mto, upande wa kaskazini wa Kolwezi, mbele ya watu kuhamia kando ya barabara. Mto ule hauna jina kubwa, ni mmoja wa ile mito midogo inayojitupa katika Lualaba. Alipokuwa kijana alikuja kutafuta kazi, akaendesha makamio ya mgodi miaka mingi, akapumzika mwaka 2003. Mama yake, ni kusema kambo wangu, alizikwa kule mugini wa zamani, chini ya miembe, kando ya kichuguu kikubwa. Unajua vichuguu vyetu vya Katanga, vingine vinapita nyumba kwa urefu. Kila mwaka Baba alikwenda kutengeneza fasi ile na kukata majani. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2015. Kisha daraja la miti likaenda na maji, na tangu mwaka 2019 miguu yake haimbebi tena.

Basi, mwaka 2022 habari ikafika nyumbani: wachimbaji wamevuka mto. Wewe unayekaa katika miji yetu ya mashimo unajua neno hilo lina uzito gani. Mmoja alikuja akasema wamechimbua mugini wote wa zamani. Mwingine akasema hapana, wako mbali. Baba alimwuliza kila mgeni aliyeingia. Hakulia wala hakugombana na mtu, lakini sahani yake ilikuwa ikirudi jikoni ikiwa nusu.

Nilikwenda kwa miguu. Ni kilometa 6 tu ukipita kama ndege, lakini kwa njia ya daraja la juu ni karibu 14. Nikakuta miembe fasi tatu mbalimbali, na vichuguu kama kumi. Nilipiga picha na telefone, nikarudi usiku. Baba aliangalia picha moja moja, kisha akanirudishia telefone.

«Hapa si pale,» akasema. «Na hapa pia hapana. Weye haukuzalikiwa kule, mwanangu. Kama mi ningeona na macho yangu, ningejua.»

Neno lile lilinikaa kichwani. Nina kiosk ya kutengeneza radio na telefone, na mtoto wa dada yangu anajifunza kazi kwangu tangu alipoacha kuchimba. Yeye njo alikuwa na droni ndogo ya FPV, aliyoiunga mwenyewe kwa sehemu zilizotoka China. Akaniambia: «Yomba, tumuvalishe Baba miwani, ataona yote.»

Siku ya posho moja tukamketisha Baba kwenye kiti uwanjani, tukamfunga miwani, kijana akairusha. Haikupita dakika moja. Baba alishika kiti kwa mikono miwili, akapiga kelele, akavua miwani na kutapika chai yote ya asubuhi. Alipopata pumzi akamwuliza mjukuu wake: «Weye uko mutu, ao uko kipanga ya kukamata kuku?»

Tulicheka, lakini mimi nilianza kuwaza. Mashini ile ndogo ina elisi, ni kusema yale mapanga yanayozunguka, za inchi 5, na moteri zake zinakimbia sana. Ni nyepesi, inatii kila mtetemo wa kidole. Kamera yake imeinuliwa sana, kwa hiyo ikienda pole unaona mbingu tu. Ni lazima ikimbie ili uone mbele. Kwa kijana ni furaha. Kwa mzee ambaye mwili wake unamwambia «umeketi», na macho yake yanamwambia «unaanguka», tumbo linakataa. Tena bateri yake inakwisha kwa dakika tano hivi. Kwa dakika tano hufiki ng'ambo na kurudi.

Nilihitaji kitu kingine: kinachokwenda kama pirogi katika maji yaliyotulia, kilometa 6 kwenda na 6 kurudi, na muda wa kuzunguka pale bila haraka.

Sikiliza sasa, hasa ninyi vijana mnaosoma fizike shuleni. Ili mashini ya namna hii ibaki hewani, ni lazima isukume hewa chini. Unaweza kusukuma hewa kidogo kwa ukali mwingi, ao hewa nyingi kwa upole. Uzito unaobebwa ni uleule, lakini namna ya pili inakula umeme kidogo zaidi. Mwulize mvuvi wa Lualaba kama anapenda kasia pana ao kijiko. Kwa hiyo nilichagua elisi za inchi 10, karibu sentimetre 25, zenye mapanga mawili tu, si matatu. Usiseme kwamba 10 ni mara mbili ya 5. Duara inayofagiwa na elisi ya inchi 10 ni mara nne ya ile ya inchi 5. Njo pale siri yote iko.

Elisi pana haitaki moteri ya kukimbia. Moteri za mtoto wa dada yangu zinazunguka mara 1,900 kwa kila volti moja kwa dakika. Zangu ni 900. Ni nene, fupi, zimejaa waya wa shaba. Mwili wa mashini ni wa karboni, mikono yake minne ni mirefu. Ukiiweka mezani inajaza meza, na mama wa watoto wangu aliniambia wazi kwamba meza ile ni ya kulia chakula.

Kitu kimoja vitabu vya wenzetu havikutuambia: Kolwezi tuko karibu metre 1,450 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, inapungua kupita sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na pwani. Hesabu ya mtu anayekaa kando ya bahari inasema mashini yako itakaa hewani dakika fulani, kwetu inashuka mbele ya wakati ule. Nilijifunza hivyo kwa kuangusha.

Habari ya bateri ndiyo iliyonichosha, na njo iliyonila mafranka. Bateri za mashini ndogo zinatoa nguvu kwa ghafla, kama mtu wa kukimbia metre mia. Kwa safari ndefu ni vizuri zaidi yale mapile ya duara yanayotumiwa katika vinga vya umeme na mikokoteni ya umeme, yale yanayoitwa 21700, kwa sababu yana upana wa milimetre 21 na urefu wa 70. Hayapendi kukamuliwa kwa ghafla, lakini kwa kila gramu yanabeba umeme mwingi zaidi. Na mashini yangu haikamui kwa ghafla.

Ndani ya mapile ya namna ile mna nikeli na kobalti. Sina haja ya kukuambia kobalti inatoka wapi. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa inapita mbele ya milango yetu katika makamio. Inaondoka hapa ikiwa unga katika magunia, inasafishwa zaidi kule China, kisha inaturudilia ikiwa pile ndogo yenye bei. Nilimpa Baba moja. Akaigeuza katika kiganja chake, mtu aliyevuta mawe miaka yote ile kwa makamio ya tani nyingi, akasema: «Njo hii tu?» Kisha akaulizia bei yake, na nilipomwambia, akanirudishia upesi kama inayounguza.

Mapile ya kwanza niliyonunua yalikuwa ya uongo. Juu yake yameandikwa ampere-saa 9, lakini nilipoyajaza na kuyamaliza kwenye taa nikihesabu saa, hayakufika hata 2. Aliyeniuzia hakuonekana tena. Kama unataka kununua, chukua mizani. Pile ya kweli ya 21700 ina uzito wa karibu gramu 70. Ikiwa nyepesi sana, usilipe. Yale ya pili yalikuwa ya kweli, ampere-saa 4.2 kila moja. Niliunga 12: sita kwa mstari, na mistari miwili pamoja. Usiyalehemu kwa chuma cha moto kama unavyolehemu waya za radio. Moto ule unaharibu ndani, na pile iliyoharibika inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kwa kupuliza. Tulitumia mashini ya kuchoma nukta juu ya kipande chembamba cha nikeli, tukiwa nje, na ndoo ya mchanga karibu. Watoto wadogo niliwafukuza.

Kisha nikawa na tamaa. Nikasema: kama mapile 12 yanatoa karibu dakika 28, basi mapile 18 yatatoa 42. Hesabu nzuri, sivyo? Nikaunga 18. Nikapata dakika 31. Sikuamini, nikajaribu tena, ikawa 31 tena. Bateri ile kubwa ilikuwa ikijibeba yenyewe: karibu umeme wote niliouongeza ulikwenda kuinua uzito niliouongeza. Na katika upepo ilikuwa kama ngombe. Nikarudi kwa 12. Mashini yote pamoja na bateri ikawa na kilo 2 na gramu mia hivi.

Sasa ilikuwa inaruka, lakini haikuwa laini. Ilikuwa ikitetemeka kama mtu wa malaria. Niliishusha nikagusa moteri, nikaunguza vidole. Tulikaa juma nzima tukitafuta, kumbe kosa lilikuwa langu: niliweka katika ubongo wa mashini amri za mashini ndogo. Elisi ndogo ni nyepesi, unaiambia «ongeza», inaongeza palepale. Elisi kubwa ni nzito, inachelewa. Ubongo ukiipa amri kali na za haraka, haijamaliza kutii ya kwanza, ya pili imefika ya kuipinga, na hivyo inagombana nayo angani na moteri zinapata moto. Programu tuliyotumia, Betaflight, inakuacha upunguze nguvu ya zile amri. Tulipunguza kidogo, tukaruka, tukagusa moteri, tukapunguza tena. Siku ile zilipotoka angani zikiwa na joto la mkono tu, nilijua tumefika. Nikalegeza pia vijiti vya telekomandi, ili kidole kikisogea kidogo mashini igeuke kidogo kabisa, na nikashusha kamera mpaka digri 15, kwa sababu sisi hatukimbii.

Ilibaki picha kuchezacheza kama mayi ya kisahani. Ile ni elisi zisizo sawa: panga moja ni zito kupita lingine. Piga sindano katikati ya elisi, ishike kwa vidole viwili, uangalie upande gani unashuka. Upande mwepesi unabandika kipande cha skochi. Kazi ya dakika kumi. Na kamera yenyewe niliiketisha juu ya vipande vya mpira laini, vilivyotoka katika kandambili ya binti yangu, ambaye hajanisamehe.

Kwa habari ya mawimbi nitasema kwa kifupi. Amri za telekomandi zinapita kwa mawimbi ya megahezi 900, marefu kidogo, ambayo yanapita vizuri kati ya miti na kwenda mbali sana. Picha inapita kwa mawimbi mengine, mafupi, ya gigahezi 5.8. Hayo hayapendi kizuizi: mlima ukiingia kati, picha inakufa. Siku hizi kuna picha za namna mpya, safi kama sinema. Mimi nilichagua ile ya zamani, ya analogi, na kijana alinicheka. Lakini picha ya zamani ni kama radio: mmoja anatangaza, na kila mwenye kifaa anapokea. Baba angeweza kuona katika miwani, na mimi katika skrini ndogo, picha ileile kwa wakati mmoja, bila kununua kitu cha bei. Tena inapodhoofika haikatiki ghafla. Inaleta theluji kidogo kidogo, kama televisheni zetu za mwaka 1985, na wewe unapata muda wa kuinuka.

Na usiwashe kile kifaa cha kutuma picha bila antena yake. Kitaungua. Nilikinunua mara mbili.

Mambo ya ruhusa yalichukua miezi mine. Kwetu Kongo droni hairuki bila karatasi, na sisi tunaokaa karibu na mashimo na kiwanja cha ndege tuna sababu nyingine za kujihadhari. Niliandika katika barua kila kitu: uzito, njia, saa, na kwamba itakwenda mbali kuliko macho yanavyofika. Nilirudishwa mara nyingi. Sikuruka mbele ya kupata, hata kama kijana alisema nani ataona. Kisha nikaenda kwa sultani wa kule, ambaye nyumba zake ziko kando ya mto, na mbuzi mmoja na karatasi yangu.

Sultani alisoma, akanyamaza muda mrefu. Akasema: «Ile mashini, njo ile iko naua bantu kule mashariki?»

Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli kwamba kule mashariki droni za vita zimetumika, na kule Ukraine wanafunga mabomu juu ya mashini zinazofanana kabisa na yangu, elisi zilezile, kamera ileile. Nilimwambia hivyo, sikumficha. Nikaitoa katika gunia nikamweka mbele yake, nikamwonyesha kila sehemu na kazi yake. Mwishoni akauliza ninatafuta nini ng'ambo. Nikamwambia: kaburi. Akasema: «Ungeanzia pale.» Akamtuma kijana wake kupita katika nyumba zote na kuwaambia watu siku na saa, wasiogope, wasirushe mawe. Alimtuma mwingine kwa wachimbaji.

Mbele ya siku ile tulijaribu mara kumi na moja. Jaribio la maana ni moja: kuzima telekomandi kwa makusudi mashini ikiwa karibu, uone kama itarudi yenyewe. Tulifunga GPS juu ya kijiti, mbali na waya za moteri na mbali na kifaa cha picha, ili isikie vizuri satelite. Mara ya kwanza nilipozima, iliinuka, ikageuka, ikaelekea Zambia. Nikawasha upesi. Kulikuwa na kosa katika mapango, tukalirekebisha. Mara ya tano ilirudi mpaka juu ya vichwa vyetu kama njiwa. Mtu asiyejaribu hivyo karibu anakwenda kujaribu mbali, na mbali hakuna wa kumwokota.

Tukafika mwezi wa saba wa mwaka 2024. Kwetu ni kiangazi, upepo unatoka kusini-mashariki, na hewa ina moshi wa majani yanayoungua. Nilichagua asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka vizuri. Nilichagua pia kilima cha kusimama: upande wa kaskazini-magharibi wa mugini wa zamani, ili kwenda tupinge upepo na kurudi utusukume. Usifanye kinyume. Ukienda na upepo unafurahi, na wakati wa kurudi bateri imechoka na upepo uko usoni.

Tulimbeba Baba kwa motokari mpaka chini, kisha kwenye kiti, mimi na kijana na wanaume wawili wa sultani. Alikuwa amevaa koti lake la kustaafu. Tulimfunga miwani juu ya kofia. Kijana alisimama juu ya kichuguu kuangalia anga. Mimi nilikuwa na skrini ndani ya boksi la karton, kwa sababu ya jua.

Niliinua pole pole. Sauti yake si ya nyuki, ni nzito, kama upepo katika bati. Nilipofika metre 80 nikamwuliza: «Baba, unaona?»

«Niko naona.»

«Kizunguzungu?»

«Wapi. Endesha.»

Tukaenda kama kilometa 45 kwa saa. Miti ilikuwa ikipita chini kama zulia. Baba alinyamaza dakika tatu, ine. Kisha mto ukaonekana, mwembamba, na ukungu juu yake, na nikasikia anaanza kusema majina, si kwangu: hapa tulivua, hapa fulani aliumwa na nyoka, hapa palikuwa mashamba ya mihogo ya mama fulani. Aliinua mkono akaonyesha katika hewa, kana kwamba sisi tunaweza kuona kidole chake.

Dakika ya nane tulikuwa juu ya mugini wa zamani. Na mashimo nikayaona mimi wa kwanza. Udongo mwekundu umetupwa, matundu kama ishirini, mahema ya plastiki ya bluu. Nilikaa mbali nao kama nilivyoahidi. Sikusema kitu. Baba naye aliyaona, pumzi yake ilibadilika.

«Kata kuume,» akasema. «Ile miembe hapana. Ile ingine. Endelea. Sasa polepole. Polepole, mwanangu.»

Nilizunguka kwa duara pana, kwa mwendo wa kutembea. Kulikuwa na miembe minne na kichuguu kikubwa, na kutoka kichuguu mpaka shimo la karibu hapakuwa, kwa macho yangu, zaidi ya hatua 30. Nilipokuja kwa miguu nilipita palepale bila kujua.

«Njo pale,» Baba akasema. «Shuka.»

Nikashuka mpaka metre 60. Theluji ikaanza katika skrini. Kati yetu na pale palikuwa na mgongo wa ardhi wenye miti, na kadiri ninavyoshuka, ule mgongo unaingia kati. «Shuka tena, sioni chini ya majani.» Nikashuka mpaka 40. Picha ikajaa theluji, ikakatika, ikarudi, ikakatika. Hapo mikono yangu ilitoka jasho, msomaji, sikufichi. Miaka miwili na kupita dola 700 za nyumba yangu, chakula cha watoto ndani yake, vilikuwa vimetundikwa kilometa 6 mbele katika ile theluji. Nikasukuma kijiti juu. Picha ikarudi.

«Uliniondoa,» Baba akasema kwa ukali. «Rudisha.»

Nikamweleza. Hakutaka kusikia. Nikajaribu namna nyingine: nikabaki juu, nikasogea upande wa mashariki ili jua liwe nyuma ya kamera na kivuli cha miti kisifunike. Hapo tukaona kichuguu chote, kizima, hakijaguswa, na chini yake kama fasi ya mviringo ambapo majani yalikuwa mafupi kuliko kwingine. Baba aliangalia. Nilizunguka mara tatu. Hesabu ya bateri katika pembe ya skrini ikafika ampere-saa 4.2, ni kusema nusu. Nilikuwa nimejipangia hivyo: kwa nusu, ninarudi.

«Baba, tunarudi.»

«Mara moja tena.»

«Hapana, Baba.»

Sijawahi kumwambia hapana mbele ya watu. Wanaume wa sultani waliangalia chini. Niligeuza mashini, na kwa njia yote ya kurudi hakusema neno hata moja. Upepo ulitusukuma, tukatumia dakika sita tu. Ilipotua katika majani bateri ilikuwa bado na karibu theluthi moja. Kwa hiyo, ndiyo, ningeweza kumpa mzunguko ule mmoja. Siku ile sikuujua upepo utafanya nini, na hata leo nikiwaza juu yake sijui kama nilifanya vizuri.

Kijana alimvua miwani. Macho ya Baba yalikuwa mekundu na alama ya miwani ilikuwa imezunguka uso wake. Alikaa akitazama upande wa mto, ambapo kwa macho matupu hauoni kitu ila miti.

«Miembe ilikuwa mitano,» akasema. «Moja walikata. Ile ya upande wa shimo.»

Kisha akamwita mmoja wa wale wanaume wa sultani kwa jina la ukoo wake, akamweleza kichuguu, miembe mine, fasi ya majani mafupi, hatua ngapi na upande gani, mara mbili, mpaka yule akarudilia bila kosa. Siku iliyofuata sultani alituma watu wakapiga miti kuzunguka fasi ile na kuzungumza na wachimbaji. Wachimbaji walikubali kugeuza shimo upande mwingine. Mpaka wakati ninapoandika, ndivyo tunavyoambiwa.

Jioni ile Baba alikula sahani yote. Alipomaliza akauliza ile bateri inachukua saa ngapi kujaa.